Cheti na Rangi: Historia ya Kupima Dietilini Glikoli katika Dawa za Maji, kutoka Tennessee hadi Kigali

Ikisiri

Dietilini glikoli ni kemikali ya viwandani inayotumika kulainishia gundi, koki na tumbaku, na kutengenezea resini za plastiki na vilainishi vyake. Tangu 1937 imeingia mara nyingi katika dawa za maji na kuua wagonjwa, wengi wao wakiwa watoto. Makala haya yanafuatilia historia ya namna kemikali hiyo ilivyotafutwa ndani ya dawa, hasa kwa vipimo vya mabadiliko ya rangi, na yanachukua tukio la Aprili 2024 mjini Kigali kuwa mahali pa kuanzia. Hoja inayojengwa ni kwamba katika maafa mengi yaliyochunguzwa, kipimo cha kuibaini sumu kilikuwapo au kingeweza kupatikana kwa urahisi. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa wajibu wa kulitilia shaka jina lililoandikwa kwenye pipa.

1.0 Utangulizi

Katikati ya Aprili 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, yenye makao yake Kigali, iliagiza kuondolewa sokoni kwa toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin Paediatric. Siku chache kabla, mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya maabara yake vimeonyesha kiwango kikubwa cha dietilini glikoli katika toleo namba 304543, na kwamba wanyama wa maabara waliopewa dawa hiyo walionyesha dalili za sumu. Kenya, Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini nazo zilichukua hatua katika siku zizo hizo. Dawa yenyewe ilitengenezwa Afrika Kusini.

Mwenye kuisoma tarehe ya toleo hilo hupata jambo la kufikirisha. Lilitengenezwa Mei 2021, na muda wake wa matumizi ulikuwa uishe Aprili 2024. Kwa maneno mengine, amri ya kuliondoa sokoni ilitolewa katika mwezi ambao chupa zake zilikuwa zinatoka sokoni kwa kawaida. Kama sumu ilikuwamo, basi ilikaa kwenye rafu za nchi kadhaa kwa karibu miaka mitatu bila kipimo chochote kuifikia. Kampuni ya Kenvue, mmiliki wa chapa hiyo, ilisema kwamba vipimo vyake yenyewe havikuona dietilini glikoli wala etilini glikoli katika toleo hilo.

Makala haya hayakusudii kuamua nani alikuwa na haki kati ya maabara ya Nigeria na maabara ya kampuni. Ugomvi wa namna hiyo si mgeni. Gambia mwaka 2022 ilishuhudia ubishi mkali zaidi wa aina hiyohiyo, kama itakavyoelezwa. Linalohitaji maelezo ni historia iliyoifanya dawa ya mtoto kutegemea swali dogo la kikemia, ambalo jawabu lake huonekana kama doa kwenye sahani.

2.0 Kileo kisichokuwa kileo: 1937

Katika vuli ya 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Bristol, Tennessee, Marekani, iliuza dawa ya maji ya sulfanilamidi, dawa iliyokuwa ikijulikana kwa vidonge na unga. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, aligundua kwamba sulfanilamidi huyeyuka vizuri katika dietilini glikoli. Mchanganyiko ukatiwa ladha ya matunda, ukapimwa mwonekano, ladha na harufu, ukapelekwa madukani. Sumu haikupimwa, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikudai hivyo. Asilimia 72 hivi ya kilichokuwamo ndani ya chupa ilikuwa dietilini glikoli.

Watu 105 walikufa, 34 kati yao wakiwa watoto. Madaktari wa Tulsa, Oklahoma, ndio waliopeleka taarifa za kwanza kwa chama cha madaktari cha Marekani, na maabara ya chama hicho mjini Chicago ndiyo iliyoitambua dietilini glikoli. Wakaguzi wa FDA walisambaa nchi nzima kufuatilia chupa. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa, zilipatikana 234 na ushei, na hizo chache zilizosalia ndizo zilizofanya kazi yote ya mauti. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi mmoja aitwaye Frances Kelsey alisaidia kuwachunguza wanyama waliopewa dawa hiyo. Ndiye yuleyule ambaye miaka ya 1960, akiwa mtumishi wa FDA, alikataa kuiruhusu thalidomide iingie Marekani.

Kwa wanaisimu, kesi ya Massengill ina upekee wake. Serikali haikuwa na kifungu cha kuishtaki kampuni kwa kuua. Kosa lililopatikana lilikuwa la jina: dawa iliitwa “elixir”, neno ambalo katika famasia ya wakati ule lilimaanisha dawa iliyoyeyushwa katika kileo, ilhali kileo hakikuwamo. Laiti kampuni ingeiita “mmumunyo”, pengine isingeshtakiwa kabisa. Mwaka uliofuata, 1938, bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi, iliyomtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

3.0 Kuandika kwa rangi

Vipimo vya rangi ni vikongwe kuliko mashine zote zilizomo katika maabara za leo. Mantiki yake ni nyepesi. Kitendanishi kinachojulikana kinatiwa katika kitu kisichojulikana, na jicho linatazama kama rangi inabadilika. Fritz Feigl wa Vienna, ambaye baadaye alikimbilia Brazil, alikusanya mamia ya vipimo vya namna hiyo vinavyotumia tone moja tu, na kitabu chake cha 1931 kiliifanya mbinu hiyo kuwa taaluma kamili. Hadi leo vilainishi vya plastiki vya jamii ya fithaleti, ambavyo hutumika katika mifuko ya dripu na katika utando wa baadhi ya vidonge, vinaweza kutambuliwa kwa njia ya karne ya 19. Sampuli huchemshwa pamoja na resosinoli na asidi ya salfa, kisha humiminwa katika magadi, na mng’ao wa kijani hutokea. Ni fluoresini, rangi aliyoitengeneza Adolf von Baeyer mwaka 1871.

Dietilini glikoli si rahisi namna hiyo, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa hupuuzwa katika mijadala ya sera. Kemikali hii inafanana na jirani zake wasio na madhara. Gliserini na propilini glikoli, ambazo ni viyeyusho halali vya dawa za maji, ni vimiminika visivyo na rangi, vizito kidogo, vyenye utamu. Dietilini glikoli nayo haina rangi, ni nzito kidogo, na ni tamu. Pua, ulimi na jicho, yaani vyombo vitatu vilivyotumika Tennessee mwaka 1937, haviwezi kuzitofautisha.

Mtu akijaribu kutumia daikromati, rangi ya machungwa itageuka kijani, lakini hiyo hutokea pia kwa gliserini, kwa kileo na kwa sukari, ambayo ni kiungo kikuu cha dawa nyingi za kikohozi. Akijaribu peryodeti, atakutana na mtego mbaya zaidi. Mwaka 1928 Mfaransa Léon Malaprade alionyesha kwamba peryodeti hukata molekuli pale tu vikundi viwili vya haidroksili vinapokaa katika kaboni zilizopakana. Gliserini ina kaboni za namna hiyo, propilini glikoli inazo, na etilini glikoli inazo. Zikikatwa hutoa aldehaidi, na aldehaidi hizo zikikutana na kitendanishi cha Schiff hutoa rangi ya zambarau. Dietilini glikoli haina kaboni hizo. Kati ya haidroksili zake mbili pana atomu ya oksijeni iliyojipenyeza katikati ya mnyororo, na peryodeti hupita bila kuigusa. Hivyo katika kipimo hicho vitu halali hupiga kelele ya rangi na sumu hukaa kimya. Mkaguzi aliyefundishwa kwamba “rangi ni hatari” angeipitisha.

Ufumbuzi ulitoka katika mbinu ya kuvitenganisha vitu kwanza na kuvitia rangi baadaye. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw, alitenganisha rangi za majani katika bomba la chaki, na mwaka 1906 akaiita mbinu hiyo kromatografia, maana yake kwa Kigiriki ikiwa ni kuandika kwa rangi. Mwaka 1938 Nikolai Izmailov na Maria Shraiber wa Kharkiv walifanya kazi hiyo juu ya tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo badala ya bomba. Ulikuwa ni mwaka uleule wa sheria ya Marekani, ingawa hakuna upande uliojua habari za mwenzake.

Kwa njia ya tabaka jembamba, tone la dawa huwekwa karibu na ukingo wa sahani na ukingo huo huchovywa katika kiyeyusho. Kiyeyusho kinapopanda hukibeba kila kiungo kwa umbali wake. Sukari hubaki chini, glikoli huachana njiani. Mpaka hapo hakuna kinachoonekana. Sahani ikiwekwa katika mvuke wa aidini, madoa ya kahawia hujitokeza. Ikinyunyiziwa potasiamu pamanganeti, madoa hutokeza kwa rangi ya njano au kahawia juu ya uwanja wa zambarau. Kando ya tone la dawa huwekwa tone la dietilini glikoli halisi ya kiasi kinachojulikana, na mpimaji hulinganisha urefu na ukubwa wa doa. Mahali palipofikiwa na doa ndipo panaposema ni kitu gani, na rangi huonyesha tu kwamba kipo. Kazi hii haihitaji umeme wa kudumu wala mitungi ya gesi.

4.0 Mapipa yenye majina ya uongo

Baada ya 1937 sumu hiyo ilisafiri. Mwaka 1969 watoto 7 walikufa Cape Town kwa dawa za kutuliza. Mwaka 1990 hospitali ya Jos, Nigeria, ilipoteza watoto 47 kwa sharubati ya parasetamoli. Bangladesh iliona maafa hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika matukio mengi ya kipindi hiki, chanzo kilikuwa ni pipa la kiyeyusho lililouzwa kwa jina lisilo lake, na mtengenezaji wa dawa akiwa wa mwisho kudanganywa, au wa mwisho kutouliza.

Haiti ndiyo iliyofichua njia yote. Kati ya Novemba 1995 na Juni 1996 watoto 109 waliugua ugonjwa wa figo wa ghafla, wakaacha kukojoa, na 88 kati yao wakafa. Sharubati ya parasetamoli waliyokuwa wamepewa ilikuwa na asilimia 14.4 ya dietilini glikoli. Gliserini iliyotumika ilikuwa imepitia kwa wafanyabiashara wa Ulaya, na wachunguzi wa Marekani walipoifuata nyuma hadi China walikuta vyeti vilivyopita mkono kwa mkono pasipo mtu kufungua pipa. Miaka miwili baadaye, 1998, wakemia wa FDA walichapisha mbinu ya tabaka jembamba iliyokusudiwa kutumika palepale bidhaa ilipo, ghalani au kiwandani, kupima gliserini kabla haijawa dawa. Ni vigumu kuisoma mbinu hiyo bila kuona makaburi ya Port-au-Prince nyuma yake.

Kama maarifa yangetosha, hadithi ingeishia hapo. Panama mwaka 2006 ilionyesha vinginevyo. Maabara ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo ilitengeneza chupa kiasi cha 260,000 za dawa ya mafua kwa kutumia mapipa 46 yaliyopitia kwa kampuni moja ya Beijing na dalali mmoja wa Barcelona. Kiwandani, China, mapipa hayo yaliandikwa “TD glycerin”. Herufi TD zilikuwa ufupisho wa neno la Kichina *tidai*, yaani mbadala. Mapipa yalikuwa na kitu mbadala cha gliserini, na kwa Mchina anayejua istilahi za kiwanda hicho huenda hapakuwa na siri kubwa. Njiani, herufi mbili zilidondoka. Kilichobaki kwenye cheti kilikuwa gliserini safi ya asilimia 99.5. Hakuna aliyepima Beijing, Barcelona wala Panama.

Nigeria ilipigwa tena kuanzia Novemba 2008, pale dawa ya watoto wanaoota meno iitwayo My Pikin ilipoua watoto 84. Propilini glikoli ilikuwa imenunuliwa Lagos kwa muuzaji wa kemikali asiye na leseni. Haielekei kuwa ni bahati kwamba mwaka 2024, kati ya nchi zote zilizoipokea Benylin ya toleo lile, iliyokuwa ya kwanza kuichukua chupa dukani na kuipima ni hiyohiyo iliyozika watoto mara mbili.

Halafu ikaja Gambia. Mwishoni mwa Julai 2022 madaktari wa hospitali ya Edward Francis Small mjini Banjul walianza kuona watoto wadogo wasiokojoa. Nchi haikuwa na maabara ya kupima dawa, na sampuli zilipaswa kusafiri nje. Tarehe 5 Oktoba WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za kampuni ya Maiden ya India. Watoto waliokufa walikaribia 70. Serikali ya India ilisema sampuli ilizopima zenyewe hazikuwa na sumu. WHO ilishikilia matokeo yake. Mwaka huohuo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200, na Uzbekistan nayo ikaathirika. Januari 2023 WHO ilizungumzia vifo zaidi ya 300 katika nchi hizo.

Takwimu moja katika historia hii inafaa kuangaliwa na washauri wa sera. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na vitabu vya viwango ni asilimia 0.10. Tennessee ilikuwa 72, Haiti 14.4, Panama takribani 8. Yaani katika maafa hayo sumu haikujificha katika sehemu ndogo zinazohitaji mashine nyeti. Ilikuwa mara 80 hadi 720 ya kikomo. Doa lake lingeonekana kwa macho ya mtu yeyote aliyefundishwa kazi hiyo kwa siku chache, kwenye sahani yenye ukubwa wa kiganja. Kuna shaka halali kuhusu vipimo vya rangi pale ambapo kiasi kinakaribia kikomo, na hapo kromatografia ya gesi haina mbadala. Lakini kuzisubiri mashine hizo ndipo kipimo kianze ni kuuliza swali la asilimia 0.1 wakati mapipa yanayoua yana asilimia 10.

5.0 Afrika Mashariki na Kigali

Ukanda huu haukuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mamlaka ya Chakula na Dawa Tanzania, ambayo sasa ni TMDA, ilisambaza masanduku ya Minilab katika vituo vya kuingilia nchini na katika mikoa kadhaa. Sanduku hilo, lililobuniwa Ujerumani na kutolewa na mfuko wa GPHF, limejaa sahani za tabaka jembamba, mitungi ya kioo, taa ya miali ya urujuani na vitendanishi. Tajiriba ya Tanzania ilichapishwa mwaka 2008 na kutajwa sana tangu hapo. Kenya, katika mji wa Eldoret, watafiti wa Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Notre Dame walijaribu kadi za karatasi zenye vichochoro 12, kila kimoja kikiwa na kitendanishi chake. Kidonge husuguliwa juu ya kadi, kadi hutiwa ukingo katika maji, na mpangilio wa rangi husomwa kama alama ya kidole.

Hata hivyo, kazi hizo za awali zilikuwa na adui mwingine. Zililenga vidonge vya malaria, viuavijasumu na dawa za kifua kikuu, na swali lake lilikuwa kama dawa iliyoandikwa imo. Swali la dietilini glikoli ni kinyume chake: je, kisichoandikwa kimo? Dawa inaweza kuwa na parasetamoli kamili kwa kipimo, ikafaulu kila kipimo cha ubora wa parasetamoli, na bado ikaua. Sharubati za Port-au-Prince zilikuwa na parasetamoli.

Rwanda iliingia katika historia hii ikiwa na taasisi changa. Mamlaka yake ya chakula na dawa iliundwa kwa sheria namba 003 ya 2018. Mwaka 2024 ulikuwa kwake wa mitihani miwili: Aprili amri ya Benylin, na Desemba kutangazwa na WHO kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti, ngazi ambayo Tanzania ilikuwa ya kwanza barani kuifikia mwaka 2018. Kigali pia ni makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na ambao Umoja wa Afrika uliupa mji huo kuwa makao mwaka 2022. Mji ambao unaagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje umekuwa mahali ambapo bara zima litatarajia sauti ya kitaalamu.

Amri ya Aprili 2024 ilikuwa ya busara na ilitolewa haraka. Inastahili hata hivyo kuonekana kwa jinsi ilivyokuwa. Ilisimama juu ya kipimo kilichofanyika Nigeria. Kigali iliipokea rangi ya Nigeria kama inavyopokea cheti cha kampuni: kwa imani, ingawa safari hii imani iliegemea upande wa tahadhari. Na pale kampuni iliposema haikuona kitu, hapakuwa na njia ya kuamua kwa maneno. Namba ya toleo ni moja, lakini chupa ni nyingi, na chupa iliyopimwa Lagos siyo iliyopimwa na kampuni. Ni sampuli iliyochukuliwa hapa, kwa kumbukumbu za hapa, ndiyo inayompa mdhibiti wa hapa neno lake mwenyewe.

Oktoba 2023 kamati ya wataalamu wa WHO ilipitisha mbinu ya ngazi mbili kwa ajili ya dawa za maji za kunywa: kwanza tabaka jembamba ili kuchuja, kisha kromatografia ya gesi kwa zile zilizotiliwa shaka. Kihistoria, ni mbinu ya 1998 iliyopanuliwa kutoka pipa hadi chupa. Upanuzi huo una gharama yake. Gliserini pipani ni kitu kimoja. Sharubati chupani ni sukari, sobitoli, rangi nyekundu, ladha ya ndizi na dawa yenyewe, na kila kimoja kinadai nafasi kwenye sahani. Ndiyo maana kupima pipa ni rahisi, na pia kunatangulia madhara: pipa moja hutoa maelfu ya chupa.

6.0 Suala la majina

Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Katika nyaraka za dawa, hata hivyo, hakijafika mbali. Kwa kitu kimoja tu, wasemaji wa Kiswahili huandika gliserini, glisarini, glaisirini na gliseroli. Kwa dietilini glikoli ni vigumu kupata mahali ilipoandikwa kabisa. Hutajwa kwa herufi za Kiingereza, DEG. Majirani zake nao wana herufi zao: EG ni etilini glikoli, sumu, PG ni propilini glikoli, halali, PEG ni polietilini glikoli, halali. Kati ya PEG na DEG pana herufi moja. Baada ya TD za Panama, kuyaacha haya kwa makarani wa maghala ni kucheza na moto.

Mabaraza ya lugha ya ukanda yamesanifisha istilahi za sheria, za bunge na za kompyuta. Istilahi za viyeyusho vya dawa ni chache, hazizidi ishirini, na zinaweza kukubaliwa katika kikao kimoja chenye mkemia, mfamasia na mwanaisimu. Makala haya yanatumia dietilini glikoli kwa ukamilifu kila mahali kwa sababu hiyo. Jina refu humchosha karani, lakini humlazimisha alisome.

Forodha tayari imefanya kazi hiyo kwa tarakimu. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, ambao ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu yake, gliserini ni 2905.45, propilini glikoli ni 2905.32 na etilini glikoli ni 2905.31. Dietilini glikoli haimo katika kundi hilo. Iko mbali, 2909.41, miongoni mwa etha, kwa sababu ya ile oksijeni moja iliyojipenyeza katikati ya mnyororo wake na kuifanya peryodeti ipite kimya. Pipa linaloingia Rwanda kwa njia ya Rusumo likitokea Dar es Salaam, au Gatuna likitokea Mombasa, huwa na mojawapo ya namba hizo kwenye karatasi zake. Afisa wa forodha huitazama ili kukokotoa ushuru, na mkaguzi wa dawa kwa kawaida haioni, kwa kuwa pipa hilo bado si dawa.